Mgonjwa mpya wa VVU: tupime usugu kabla ya kumwanzishia TLD?

tabibu_wa_kata
Habari za kazi wakuu. Mteja amepima leo, ana VVU, na anasema hajawahi kumeza ARV hata kidonge kimoja. Tunajua wapo wanaoambukizwa virusi ambavyo tayari ni sugu (havisikii baadhi ya dawa). Je, apimwe usugu kwanza ndipo aanze TLD (kidonge chenye ARV tatu ndani), au aanze tu? Na kama virusi vyake ni sugu nitajua lini? Sisi ni kituo cha afya, sampuli za wingi wa virusi tunatuma kwa matone ya damu kwenye karatasi (DBS).

mama_CTC
Aanze. Leo leo ikiwezekana, mradi umemchunguza TB na homa ya uti wa mgongo. Hizo ndizo sababu za kuchelewesha, usugu si sababu.

Usugu unaowakuta wagonjwa wapya huku kwetu kwa sehemu kubwa ni wa kundi la efavirenzi na nevirapini. Dawa hizo zimetumika miaka mingi, na badiliko moja tu kwenye virusi, K103N, linatosha kuzitoa zote mbili kazini. Ripoti ya WHO ya 2021 ilikuta nchi 21 kati ya 30 zilizopimwa zimevuka asilimia 10 ya usugu huo kwa watu wanaoanza dawa. Asilimia 10 ndiyo mpaka: nchi ikiuvuka, efavirenzi haifai tena kuwa dawa ya kwanza. Hiyo ni moja ya sababu kubwa za kuhamia TLD: tenofoviri mg 300, lamivudini mg 300, dolutegraviri mg 50, kidonge kimoja kwa siku. K103N haliigusi dolutegraviri.

Hata mabadiliko mengine ya virusi, M184V na K65R, yanayozigusa lamivudini na tenofoviri, si mwisho wa habari. Utafiti wa NADIA (Uganda, Kenya, Zimbabwe) uliwachukua watu ambao dawa za mstari wa kwanza zilikuwa zimewashinda, na dolutegraviri pamoja na dawa hizo mbili ilifubaza virusi vizuri hata kwa wenye mabadiliko hayo.

Ulaya na Marekani kila mgonjwa mpya hupimwa usugu, lakini hata huko hawasubiri majibu ndipo waanze dawa.

mfamasia_pwani
Nakubaliana na dada, ila neno "hajawahi" lisikupite hivi hivi. Wengi wanaoandikwa wapya si wapya: wamehama kituo, au waliacha dawa wakaona aibu kurudi walikoanzia. Aliyewahi kugusa ARV ana uwezekano wa karibu mara tatu wa kuwa na usugu wa kundi la efavirenzi.

Usiulize "umewahi kutumia dawa?", utajibiwa hapana. Uliza kimoja kimoja: ulipokuwa mjamzito ulipewa vidonge vya kumkinga mtoto? Umewahi kumeza PrEP (vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa)? Dawa za siku 28 baada ya ajali au kubakwa? Umewahi kula vidonge vya mwenzi wako? Umechomwa sindano ya kinga ya VVU ya kila miezi miwili? Jibu la ndiyo liandike kwenye faili pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho.

Hilo la sindano (kabotegraviri) ndilo la kupigia simu hospitali ya rufaa. Ni ya ukoo mmoja na dolutegraviri, na hubaki mwilini kwa miezi mingi ikipungua kidogo kidogo. Mtu akiambukizwa katika kipindi hicho virusi vinaweza kujifunza kuikwepa. Kipimo cha usugu kina maana hapo, ingawa TLD anaanza huku majibu yakisubiriwa.

Na watoto wachanga: karibu nusu ya waliogunduliwa katika nchi za Afrika zilizopimwa walikuwa na usugu wa kundi la nevirapini kabla ya kuanza matibabu, kwa sababu ya dawa za kinga za mama na za mtoto mwenyewe. Kuanzia wiki 4 na kilo 3, ni dolutegraviri ya kuyeyusha ya mg 10 na abakaviri/lamivudini.

tabibu_wa_kata
Asante sana. Nitajuaje sasa kama dawa haifanyi kazi?

mama_CTC
Wingi wa virusi miezi 6 baada ya kuanza. Ukipata kopi 1,000 au zaidi kwa mililita, usikimbilie kusema usugu. Mara nyingi ni umezaji. Vikao vya ushauri, halafu rudia baada ya miezi 3.

Na uliza anameza na nini. Vidonge vya damu vya wajawazito (FEFO) na kalsiamu vinainasa dolutegraviri tumboni: ameze TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada, au vyote pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazina huo msamaha wa chakula. Mwenye TB anayetumia rifampisini anahitaji dolutegraviri mg 50 ya ziada saa 12 baada ya TLD, na aendelee nayo wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Hii ya ziada husahaulika ajabu.

benchi_la_maabara
Naongezea la sampuli. Duara la karatasi lijae kwa tone linalojitiririsha, usikamue kidole. Likauke usiku kucha mbali na jua na vumbi, ndipo liingie kwenye mfuko wenye vifuko vya kunyonya unyevu. Karatasi iliyofungwa mbichi inaharibu vinasaba na maabara itakurudishia "haikusomeka". Virusi vikiwa chini ya kopi 1,000 pia mara nyingi hakuna kitakachosomeka.

Jibu la "hakuna usugu" nalo lisomwe kwa tahadhari. Mashine nyingi haziyaoni mabadiliko yaliyo kwenye chini ya asilimia 15 hadi 20 ya virusi. K103N hukaa miaka bila dawa, lakini M184V humdhoofisha kirusi, kwa hiyo dawa ikiachwa hufunikwa na virusi vya kawaida ndani ya wiki chache huku nakala yake ikibaki imejificha kwenye seli. Ndiyo maana aliyeshindwa na dawa achukuliwe damu angali anazimeza.