Naomba ushauri: vichwa viwili vya kompresa kwenye mota moja, inakubali?

Mpanchaji: Habari za jioni wakuu. Nina kibanda cha pancha Mbagala, kandokando ya barabara ya Kilwa. Kompresa ya kukodi inanimaliza, nimeamua kuunga yangu. Vichwa viwili vya mtumba, yaani zile sehemu zinazosukuma upepo, nimetoa Gerezani, mota HP 3, tangi la mtumba lita 150. Nikitumia kichwa kimoja linajaa taratibu mno. Nikivalisha mikanda yote miwili mota inaguna, inanuka, inazima. Jumatatu kuna mteja ana Fuso mbili. Nibadili puli au ninunue mota kubwa?

Nyundo Baridi: Mkuu, chukua kompresa mbili za friji. Zina kimya, hata mtoto haamki. Mimi napulizia rangi kwa hizo mwaka wa tatu sasa. Usisahau kuongeza oili, maana zinaitema pamoja na upepo.

Mama Tairi: Friji kwa tairi la Fuso? Utaanza asubuhi umalize isha. Kwa kipimo cha presha, gari ndogo inataka psi 30 na kitu, lori linataka kama 100. Marehemu mume wangu alianza na pampu ya mguu, watoto tumesomesha kwa upepo huohuo. Usikate tamaa mwanangu.

Kiwandani: Kabla ya mota, hilo tangi lilikuwa la nini? Lina valvu ya usalama, ile ya kutoa upepo presha ikizidi?

Mpanchaji: Tangi ni zima kaka. Shida yangu ni mota.

Kiwandani: Nimeuliza tangi.

Mpanchaji: Sawa. Lilikuwa limetoboka chini kwa kutu, fundi akalichomelea kiraka. Nimepaka povu la sabuni, kwenye presha ya bar 6 halitoi hata kipovu. Valvu ya usalama ilikuwa inavuja, nimeiziba kwa bolti kwa muda. Sioni sababu ya kutupa kitu kilichoshika. Na mota kubwa nimeshalipia nusu, hela hairudi.

Mama Tairi: Yesu wangu. Na hapo kibandani wanakaa watoto wa jirani wakisubiri baiskeli zao?

Mpanchaji: Wanakuja, ndiyo. Nawafukuza nikiwasha.

Jicho Kavu: Wakuu, hii chai. Mota HP 3 kwenye kibanda cha pancha, valvu imezibwa kwa bolti, na bado mtu yuko hai anaandika? Picha hakuna. Na mpanchaji gani anaongea bar? Wote wanasema psi.

Nyundo Baridi: Hata mimi nimeanza kunusa majani.

Mpanchaji: Geji yangu ina mistari miwili, psi nje kwa nyeusi, bar ndani kwa nyekundu. Umeme nimevuta kwa mwenye nyumba nyuma yangu. Kiraka ni upana wa kiganja, kimekaa kushoto kwa bomba la kutolea maji. Kamera ya simu imekufa. Anayetaka aje aone.

Kiwandani: Awe wa kweli au wa chai, kuna msomaji mwingine ana tangi kama hilo. Sabuni inaonyesha tundu, haionyeshi bati lililoliwa. Upepo ukibanwa unaacha maji, maji yanalala chini, kutu inakula kwa ndani. Usiwashe. Tangi hupimwa kwa maji: unajaza pomoni, unatoa hewa yote, unasukuma kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Ukitaka bar 8, pima 12. Maji hayabanwi kama upepo, likishindwa linamwaga tu. Lakini lako hata halifai kupimwa. Tafuta matangi ya upepo wa breki za semi, yametengenezwa kwa presha hiyo, na hayo pia uyapime.

Mpanchaji: Nimetoka kibandani sasa hivi. Nimefungua bomba la chini, limetoa karibu kikombe cha maji mekundu. Nikagonga kwa nyundo ndogo pembeni ya kiraka, taratibu tu. Bati limebonyea kama kopo la maziwa.

Mama Tairi: Asante Mungu.

Mpanchaji: Nimempigia mwenye Fuso, nimemwambia Jumatatu nitatumia ya kukodi.

Kiwandani: Vizuri mdogo wangu. Sasa mota. Usiuze ya HP 3. Kila kichwa mota yake, kila njia valvu yake ya kuzuia upepo usirudi, na usiwashe zote kwa mpigo, mota ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Valvu ya usalama nunua mpya. Kipenyo cha puli zako ni ngapi?

Mpanchaji: Napima, narudi.