Divisheni wani za shule za serikali: tunalinganisha nini hasa?

MAMA PACHA, MALABA
Wenzangu wa kaunti ya Tororo hapa Uganda, naomba tuongee hii kitu bila matusi. Kila matokeo ya PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka kuna mtu anaokota hesabu za divisheni wani, yaani watoto waliopata daraja la juu kabisa, za shule zetu za serikali, anazipanga kutoka juu mpaka chini, ile karatasi inazunguka kwa simu na wazazi wanaanza kuhamisha watoto. Sasa wengine wanataka ibandikwe pale sabukaunti kabisa iwe rasmi. Mimi nakataa. Binti yangu alisoma shule ambayo kwenye hiyo karatasi iko mkiani. Alipoanza P1, darasa la kwanza, lilijaa mpaka wengine wanakaa mlangoni, kufika P7, darasa la mwisho, walibaki 31. Wengine waliolewa, wengine wanabeba mizigo hapa mpakani, wengine hawakurudi tu shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya korona. Hao hakuna karatasi inayowauliza. Mnaonaje?

KONDA MSTAAFU
Mama Pacha nakuheshimu lakini ibandikwe. Mimi natoa hela ya posho (ugali wa mchana shuleni), hela ya moku (mtihani wa majaribio), hela ya askari wa geti, kila hela ina jina lake na hii ndio ile elimu tunayoambiwa ni bure tangu 1997. Kama mtoto wangu anapata agrigeti 30, yaani jumla ya alama za masomo yote ambayo ikiwa ndogo ndio nzuri, na wa jirani 11, na walimu wote wanalipwa na serikali moja, kwa nini nisijue? Hedimasta akikuta jina lake chini aone aibu kidogo.

MWALIMU WA P6
Aibu tunayo tayari ndugu yangu. Serikali inatoa shilingi elfu 20 kwa mtoto kwa mwaka, zamani ilikuwa elfu 10, ukigawa mihula 3 haifiki elfu 7, hapo utoe chaki na karatasi za mtihani. Lakini sitajificha nyuma ya pesa maana hiyo elfu 20 ni ile ile mjini na kijijini. Tofauti ni kuchuja. Kuna shule, siitaji, mtoto akiwa mzito P6 anarudishwa darasa, akirudia tena mzazi anachoka anamtoa. Wanakuja kwangu. Juzi juzi nilipokea watatu kabla hatujapeleka majina UNEB, wale wa baraza la mitihani, mmoja alifika bado amevaa sweta ya kule, akapata divisheni 4 na ikaandikwa yangu. Shule iliyomfundisha miaka 6 ikabaki safi, ikapongezwa na redioni.

KONDA MSTAAFU
Hiyo ya sweta nimeinyamazia.

BINTI WA MUKUJU
Na lugha mbona hamuitaji? Kijijini P1 mpaka P3 wanafundishwa kwa lugha ya nyumbani, tangu 2007 ndio utaratibu, na mimi sina shida nao. Shida ni kwamba mjini wanaanza na Kiingereza siku ya kwanza na mtihani wa mwisho wote ni huo huo mmoja, kwa Kiingereza. Hapa darasa moja utapata Mteso, Mjopadhola, Msamia na mtoto wa dereva anayejua Kiswahili tu, mwalimu achukue lugha gani? (Halafu hiki Kiswahili tunachobishania humu hakimo hata kwenye zile karatasi 4 za PLE, lakini hiyo ni mada nyingine.)

BODA WA MELLA
Mimi nabeba walimu kila asubuhi kwa hiyo nasema nilichoona. Shule hazina nyumba za walimu, wanapanga Tororo mjini, mvua ikinyesha barabara inakuwa uji na mwalimu anafika saa nne. Na nyie mnaosema hela ya posho, njooni saa saba muone. Waliolipa wanapanga mstari na sahani, ambao hawajalipa wanakaa kule kwenye ua wanajifanya wanacheza. Wanajifanya tu, mpira wenyewe hawaufukuzi. Saa nane wote wanaingia kufanya hesabu, halafu mnasema shule ni mbovu.

MAMA PACHA, MALABA
Basi tukubaliane hivi. Kama lazima ibandikwe, wasiandike divisheni peke yake, maana mwenye agrigeti 12 anahesabiwa divisheni wani na mwenye 13 anatupwa divisheni tuu kana kwamba hajasoma. Waandike walioanza P1 walikuwa wangapi, waliokaa mtihani wangapi, na wageni waliopokelewa P6 na P7 wangapi na wametoka shule gani. Hapo hata mimi nitasimama kusoma.

KONDA MSTAAFU
Hiyo nakubali lakini bado ibandikwe mama, tusije tukaongeza mistari mpaka karatasi ikose ukuta. Mwenye mtoto mmoja hawezi kungoja mpaka mambo yote yawe sawa, muhula unaanza Jumatatu.

MWALIMU WA P6
Mimi sina neno. Ila hiyo hesabu ya P1 mtaipata wapi? Rejista yetu ya mwaka ule ililiwa na mchwa kabatini, imebaki kuanzia ukurasa wa nne.

KONDA MSTAAFU
Bandika hiyo hiyo na mchwa wake.