Safu ya pachi 4 za GHz 2.4: VNA inaonyesha safi, lakini mbele ishara inazama

mizabibu_net

Wakuu, heshima kwenu. Nina linki ya redio ya kilomita 6 upande wa Hombolo, Dodoma, kutoka shamba la zabibu hadi ofisini, na sehemu ya njia inapita juu ya maji ya bwawa. Antena ni safu ya pachi 4 (vipande bapa vya shaba vinavyorusha mawimbi) zilizopangwa kwenye mstari mmoja wa ulalo, bodi ya FR4 (ile ya kawaida ya saketi) ya mm 1.6, kila pachi mm 29 kwa 37.4, na kutoka kitovu hadi kitovu ni mm 90. Konekta ya SMA (ya kuunganishia waya wa redio) iko katikati, laini ya shaba inayolisha pachi ishara inagawanyika kushoto na kulia. Ili laini ziwe fupi, pachi mbili za kushoto zinalishwa kwenye ukingo wao wa kulia, na mbili za kulia kwenye ukingo wa kushoto.

Kwenye VNA (kifaa cha kupima antena), S11, yaani nguvu inayorudishwa na antena, ni -18 dB kwenye GHz 2.44: inarudi kidogo sana. Lakini nikiielekeza sawasawa na upande wa pili, ishara inazama. Nikiizungusha kama nyuzi 15 kulia au kushoto inapanda, na hata hapo haifiki popote karibu na geini (uwezo wa antena kukusanya ishara upande mmoja) ya dBi 13 niliyopiga hesabu. Tatizo ni nafasi kati ya pachi au ni nini?

Fundi_Antena_Dom

Mkuu, nafasi haina kosa. Urefu wa wimbi kwenye GHz 2.44 ni mm 123, kwa hiyo mm 90 ni 0.73 ya wimbi. Kwa safu inayotazama mbele tu, bila kuzungusha mwale kwa umeme, unaweza kwenda hadi karibu 0.9 kabla mwale wa pili mkubwa haujaanza kuchomoza pembeni.

Jibu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya kulisha. Pachi ikilishwa ukingo wa kulia na jirani yake ukingo wa kushoto, mikondo yao inakimbia pande tofauti: zina tofauti ya fezi (hatua ya wimbi) ya nyuzi 180. Nusu ya safu yako inasukuma, nusu inavuta, na mbele kabisa zinafutana. Kwa nafasi ya 0.73, hesabu ya mpangilio huo inatoa vilele viwili kwenye nyuzi 15.6 kila upande, ndicho unachokiona. Kila kilele kiko chini ya mwale halali kwa kama dB 2.3.

Njia za kurekebisha ni mbili. Ya kwanza ni kuhamisha laini ili pachi zote nne zilishwe upande uleule. Ya pili, kama bodi imeshachorwa, ongeza kwenye tawi la nusu moja laini yenye urefu wa nusu wimbi. Kwenye FR4 laini ya omu 50 (upana mm 3 hivi) wimbi linafupika hadi takriban mm 67.5, kwa hiyo nyongeza ni mm 33.7. Ikunje kwa kona zilizokatwa, usiache kona kali. Kosa la mm 1 ni nyuzi 5 tu, na kutoka GHz 2.400 hadi 2.4835 fezi ya hiyo nyongeza inahama nyuzi 3 kila upande wa katikati. Haiumizi.

Na usiiamini S11 peke yake. Inakuambia nguvu hairudi, haikuambii imeenda wapi.

mizabibu_net

Nimekuelewa, shukrani. Kwa hiyo nikiweka hiyo mm 33.7 nitapata dBi 13?

mawimbi_Chimwaga

Hupati, ndugu. Hapo ndipo FR4 inapokula. Pachi moja ya FR4 kwenye masafa hayo hupoteza karibu nusu ya nguvu ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo tarajia dBi 3 hivi kwa pachi. Nne zinaongeza 6, unafika 9. Laini nayo inakula kama dB 9 kwa mita. Kutoka SMA hadi pachi ya pembeni ni karibu mm 150, toa 1.4. Umebaki na takriban dBi 8. Huo upotevu ndio pia unaoipendezesha S11: kinachorudi kinapoozwa njiani kwenda na kurudi.

Ukitaka 14 achana na bodi, tumia hewa. Bati la nyuma la alumini la mm 2, pachi za shaba nyeupe au nyekundu za mm 0.5, zikae mm 5 juu ya bati. Vipimo vya kuanzia: urefu mm 54.5, upana mm 61, nafasi ileile ya mm 90. Katikati kabisa ya kila pachi funga skrubu ya M3 hadi kwenye bati. Pale umeme wa wimbi ni sifuri, kwa hiyo skrubu haibadilishi kitu, inashika pachi na inaiunganisha na ardhi kwa ajili ya radi.

Lisha kwa chini na koaksia (waya wa redio wenye waya wa kati na ganda la nje) ya RG-316: waya wa kati unatoboa bati na kugusa pachi mm 16 kutoka ukingoni, kisha sogeza mm 1 au 2 hadi VNA iridhike. Zote nne upande uleule wa skrubu, kulia kwa zote au kushoto kwa zote, la sivyo unarudi palepale ulipoanzia. Vipande vinne vikatwe kwa pamoja. Tofauti ya mm 2 ni nyuzi 8, usivuke hapo.

Kigawanyi cha kugawa ishara kwa pachi nne: koaksia nne za omu 50 kwa pamoja ni omu 12.5. Kuirudisha 50 unahitaji robo wimbi la omu 25, yaani fimbo ya mm 8 ndani ya bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 12, urefu mm 30.7, hewa tupu katikati. Ukikosa vipimo hivyo, shika uwiano wa 1.5 kati ya kipenyo cha ndani cha bomba na cha fimbo. Bomba la shaba la mafundi friji linafaa.

Linki yako kwa hesabu: upotevu wa kilomita 6 ni dB 115.8. Redio ya dBm 20 (miliwati 100), antena za 14 pande zote, dB 2 za waya, unapokea kama dBm -70. Kwa zile za FR4 ni -82, dhaifu zaidi. Jumla ya nguvu inayotoka kwenye antena ihakiki na masharti ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwanza. Geini ikipanda, redio inaweza kulazimika kushushwa.

Kizota_RF

Naongezea mawili.

Kupima: sehemu ya wazi, antena zote mbili juu mita 2, umbali mita 5. Safu ya mm 310 inahitaji angalau mita 1.6, chini ya hapo unapima kitu kingine. Zote mbili zirushe mawimbi ya ulalo, maana pachi zako zinalishwa kwa ubavu. Ikikutana na antena ya wima unapoteza dB 20 kirahisi halafu unalaumu safu. VNA nayo iwe inayofika GHz 3. Zile NanoVNA za mwanzo zinaishia 1.5.

La pili ni bwawa, na hapa watu wengi hukimbilia kuinua mlingoti. Maji tulivu ni kioo cha mawimbi. Zidisha kimo cha antena ya kwanza kwa cha pili, kwa mita juu ya usawa wa maji: ikitoka karibu 184, mwale wa moja kwa moja na wa kuakisi vinasaidiana, ikitoka 369 vinafutana. Yaani mita 13.5 kila upande ni nzuri, na mita 19 kila upande inaweza kuwa mbaya kuliko hapo. Kubadili ulalo kuwa wima hakukuokoi, pembe ya kuakisi ni chini ya nyuzi 1. Bwawa likipungua kiangazi vimo vinabadilika, kwa hiyo acha mlingoti wa upande mmoja uweze kusogezwa mita 2 juu au chini.

Miamba na miti katikati ya njia: acha wazi mita 8 kuzunguka mstari wa kuonana.

mizabibu_net

Kifuniko je? Vumbi la huku mnalijua.

mawimbi_Chimwaga

Plastiki ya ABS ya mm 2, isiyo na rangi ya metali, ikae sentimita 2 mbele ya pachi. Ikigusa pachi, inashusha masafa na kazi yote ya kupima inarudiwa. Pima ikiwa imefungwa. Toboa tundu la mm 3 chini ili maji yatoke.

Kizota_RF

Na kifute mvua za kwanza zikinyesha. Vumbi likilowa ni tope.