Naomba mpangilio: riwaya sita za Kiswahili za aina tofauti, nianze na ipi?

Msomaji wa Kituoni
Wakuu, heshima zenu. Mimi si mwanafasihi, ni msomaji wa kawaida. Muda wangu ni wa kwenye daladala, dakika arobaini asubuhi na arobaini jioni, siku tano za wiki. Nataka kumaliza riwaya sita kabla mwaka haujaisha, kila moja na aina yake: upelelezi, ujasusi, historia, mapenzi, ya sayari nyingine kama ipo, na moja ile ngumu inayosifiwa. Mkononi ninazo Nagona ya Kezilahabi na Kusadikika ya Shaaban Robert, nilizichagua kwa sababu ni nyembamba. Nianze na ipi, zifuatane vipi, na watu hukwama wapi? Tafadhali msinitajie miisho.

Kiko na Najum
Mkuu, Nagona irudishe kabatini kwanza. Wembamba wake ndio mtego. Ilitoka 1990, Kezilahabi akiwa ameshaiacha mbali ile njia ya kusimulia aliyoitumia kwenye Rosa Mistika (1971). Humo hamna kisa cha kukushika mkono. Wakati unajizungusha, mahali panabadilika bila taarifa, wanafalsafa waliokufa zamani wanatokea na kuzungumza. Ukiisoma kurasa kumi kumi huku konda anadai nauli, kila ukifungua utakuwa unaanza upya.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), ya kwanza katika mfululizo wa mpelelezi Bwana Msa. Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: Bwana Msa hakimbizani na mtu. Anavuta kiko, anauliza, anasikiliza. Ushahidi umefichwa ndani ya mazungumzo na ndani ya nasaba, nani mtoto wa nani, nani alikuwa mke wa nani. Anayesoma akisubiri risasi huruka mazungumzo, akifika mwisho anaona kama suluhisho limeanguka kutoka mbinguni, kumbe lilipita mbele yake mapema.

Dawa yake ni karatasi moja ya kuwekea alama ya ukurasa. Ipige mistari upate safu nne: jina, anaishi wapi, ana undugu gani na marehemu, alisema alikuwa wapi. Mhusika mpya akiingia, mwandike palepale. Mkanganyiko wa majina huja katika sura za mwanzo, na hapo ndipo watu hufunga kitabu. Ukishavuka, kinakwenda chenyewe. Ukimpenda Bwana Msa, kinachofuata ni Kisima cha Giningi (1968). Ukisoma vyote viwili utaona anachokipigania mwandishi: watu wanasema mzimu, wanasema wachawi, naye anatafuta mkono wa binadamu.

Sura Fupi
Naunga mkono. Kwa ujasusi usihangaike, chukua Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974). Jasusi wake ni Willy Gamba, sentensi fupi, sura inakatikia pale pale unapotaka kujua. Kwa daladala hakuna inayoishinda, hatari yake ni kupitiliza kituo. Kasoro ninayoiona ni kwamba wanawake wengi humo wameumbwa kwa urembo na usaliti tu, kazi nyingine hawana. Kikosi cha Kisasi (1979) isome baadaye. Kisa chake kinajitegemea, ila Gamba utakuwa umeshamzoea.

Gati Namba Mbili
Kwenye historia watu hutaja Kuli na Vuta n'kuvute za Shafi Adam Shafi kana kwamba ni kitu kimoja. Hapana. Kuli (1979) ni ya bandari ya Unguja, inamfuata Rashidi hadi kwenye mgomo wa 1948. Njia yake imenyooka: utoto, kazi, dhuluma, kujipanga, mgomo. Ukipotea, rudi kurasa mbili tu utapata kamba. Kikwazo ni msamiati wa kazi, maneno kama tishali na shehena. Usifungue kamusi katikati ya sentensi. Weka nukta pembeni kwa penseli, jioni tafuta yote kwa mkupuo kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Vuta n'kuvute (1999) itakujazia nafasi ya mapenzi. Yasmin ana miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye hamsini na miwili, na yote yanaanzia hapo. Kisha anaingia Denge na siasa zake, na kuanzia hapo mapenzi na harakati za kumng'oa mkoloni huwezi kuzitenganisha. Wasomaji wa bara hukwama kwenye lugha ya Unguja, hasa ule mkato wa "n'". Usiutazame kwa macho, utamke: n'kuvute ni nikuvute, basi. Ukiona mazungumzo hayaeleweki, yasome kwa midomo bila sauti, sikio litaelewa kabla ya jicho. Na filamu ya Amil Shivji ya 2021, iliyotokana na kitabu hiki, icheleweshe. Ukianza nayo, sura za waigizaji zitakaa kichwani na hutamwona Mwajuma wa kitabuni, yule rafiki wa Yasmin, na Mwajuma wa kitabuni ana utamu ambao haufai kupotezwa.

Hoja ya Karama
Hapa napingana kidogo na wakuu wa juu. Mmeizuia Nagona, sawa, ila msiiweke Kusadikika kwenye kapu moja nayo. Kitabu hiki cha 1951 kinafaa daladala kuliko mnavyofikiri. Karama ameshitakiwa, na mahakamani anawatetea wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe ana safari yake. Mjumbe mmoja kwa safari moja ya daladala, ukishuka umemaliza kipande kizima.

Kinachowashinda watu ni kuisoma kwa mwendo wa Musiba. Sentensi za Shaaban Robert zimepimwa kama mashairi, nusu ya kwanza inajibiwa na nusu ya pili. Punguza mwendo. Majina nayo yabebe kwa maana zake, waziri kuitwa Majivuno si bahati mbaya. Na usitafute "nini kitatokea" kila ukurasa. Utamu uko kwenye namna mshitakiwa anavyoigeuza mahakama ya mashitaka iwe darasa la sheria.

Kiko na Najum
Nakubali, mkuu, hoja ya mjumbe kwa safari ina nguvu. Bado ningeiweka ya tatu au ya nne, msomaji awe ameshazoea kukaa na kitabu.

Wale Ni Sisi
Ya sayari ipo: Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani, anatua kwenye nchi nyingine. Jina la nchi likate: wale-ni-sisi. Mengine mengi humo yameunganishwa hivyohivyo, ukiona neno refu lisiloeleweka lipasue vipande, mara nyingi litakuambia mwandishi anamsema nani.

Mwanzo wake ni wa kasi. Watu huiacha katikati, mwandishi anapotulia kueleza jamii ile mpya imejipanga vipi, kazi, mali, uongozi. Mbio zimeisha na mafundisho yamechukua nafasi. Sehemu hiyo isome ukijiuliza swali moja tu: hapa anaikosoa nchi gani iliyo duniani? Ukisoma hivyo hutachoka.

Msomaji wa Kituoni
Nashukuru sana. Nimeandika: Mzimu, Kufa na Kupona, Kusadikika, Vuta n'kuvute (inibebee mapenzi na historia, Kuli isubiri), Walenisi, Nagona mwisho. Mawili yamebaki. Vitabu vya mtumba nivikague vipi? Na hesabu yangu ya muda inatosha?

Gundi na Uzi
Mtumba: kwanza hakikisha ni riwaya yenyewe. Vitabu vinavyosomeshwa shuleni vina miongozo ya uchambuzi yenye jina lilelile kwa herufi kubwa jaladani. Fungua ukurasa wa kwanza wa ndani. Ukikuta "dhamira", "maudhui" na "wasifu wa wahusika", huo ni mwongozo, na utakumwagia mwisho wote.

Pili, kurasa. Vitabu vingi hushonwa au kubandikwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka linaondoka lote. Kwa hiyo usikague mwanzo na mwisho tu. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa kila baada ya kumi na sita hivi. Kisha kifungue katikati taratibu: gundi kavu hulia na karatasi hunyanyuka. Kama ni nakala ya fotokopi, tazama mstari wa chini wa kila ukurasa, ndio unaokatwa.

Muda: ndani ya gari linalotikisika kurasa 12 kwa dakika arobaini ni makadirio mazuri. Hizo ni 24 kwa siku, 120 kwa wiki. Riwaya ya kurasa 240 ni wiki mbili. Tano za mwanzo zipe wiki mbili mbili, zilizo nyembamba zitakurudishia siku za kufidia zile ulizosimama bila kiti.

Kiko na Najum
Nagona usiipangie daladala kabisa. Itengee Jumamosi mbili nyumbani. Jumamosi ya kwanza isome mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata pale usipoelewa, usirudi nyuma. Ya pili isome na penseli, uweke alama kila kitu kinachojirudia: sauti, njia, mnyama, mwanga. Ukitaka kuendelea, ndugu yake ni Mzingile (1991), zisome zikifuatana kabla hujasahau. Na iwe penseli kweli, si wino, maana ukirudia mara ya tatu utafuta nusu ya alama ulizoweka.