Mrejesho: Mkenya niliyeuliza kuhusu wikendi Dodoma

Wakuu, shikamooni. Niliuliza kama mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwenye hela kidogo anaweza kutembea wikendi bila masomo kuyumba. Inawezekana. Kazi za darasani nazimaliza Ijumaa usiku, basi.

Aliyenishauri Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani, Mungu akubariki! Tulipanda basi la Arusha alfajiri pale Nanenane, tukashukia Kolo, mbele kidogo ya Kondoa. Ofisini unalipia kiingilio na kupewa mwongozaji. Usipande peke yako, miamba imetawanyika na njia ni ya kukwea. Michoro ya twiga na watu wembamba, mingi kwa rangi nyekundu, ipo wazi ukutani, na eneo limo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, ilinigusa zaidi, maana wenyeji Warangi bado wanafanyia matambiko hapo. Nendeni kwa heshima.

Dar nilienda kwa treni ya SGR, raha tupu, ila kateni tiketi mapema. Bwawa la Hombolo nilipita tu.

Sasa naomba ushauri wa Singida: kati ya Singidani na Kindai, nianze na ziwa lipi?