Mzee akikataa kukimbia volkano ya Nyiragongo, mnafanyaje?

Mkaazi_Himbi: Salamu wakubwa. Mlima ukianza kutikisa, mzee wa miaka 80 akisema "nitafia hapa kwangu", watoto wamwachie uamuzi wake au wambebe kwa nguvu?

JiweJeusi: Kwanza mjue anakataa nini hasa. Mara nyingi anahofia wezi, hati za parseli (kiwanja chake) au kaburi la mkewe. Hati zifungwe leo kwenye plastiki, azishike yeye mwenyewe. Mzee mwenye kazi huondoka. Anayebebwa kama gunia hukaza. Na msimtishe kwa kifo. Aliona Januari 2002 lava ikipita katikati ya mji wetu wa Goma, Kongo, hadi ziwani, na watu wakarudi baada ya siku chache. Kwa hoja hiyo atawashinda.

Kandokando_Kivu: Hoja hiyo ina tundu. 2002 lava iliukata mji vipande viwili, ndugu wakabaki kila mmoja upande wake. Pangeni sehemu mbili za kukutana, Gisenyi upande wa Rwanda na Sake upande wa Kongo, na kila mtu awe na kitambulisho cha kuvukia mpaka. 2021 lava ilishuka Mei 22, amri ya kuhama ikaja Mei 27, na watoto wengi wakapotezana na wazazi njiani. Mwandikieni mtoto jina na namba ya simu mkononi. Wajukuu wasimsubiri babu hata dakika. Wabaki watu wazima wawili, na chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) ya mizigo, mpaka saa ambayo mzee ameitaja mwenyewe wakati kumetulia.

JiweJeusi: Saa aitaje mbele ya wanawe wote. Akimwambia mmoja tu, usiku ule patakuwa na ubishi.

Mama_wa_Sake: Mimi naona neno la mzee mwenye akili timamu lina uzito wake. Ila nyumba ikiwa bondeni, kubaki hakujadiliwi, kwa sababu ya mazuku, yaani hewa ya sumu inayotoka ardhini. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu, hulala mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Aliye karibu na ardhi, mtoto au mbuzi, hutangulia kufa. Na atakayerudi kumtafuta mzee ataingia humo humo. Hapo mzee hajiamulii peke yake.

Mkaazi_Himbi: Saa ikifika akageuka?

Mama_wa_Sake: Abebwe. Watu wawili, mmoja kila upande. Avalishwe viatu kwanza, maana lava iliyoganda hukata nyayo kama chupa.