Kijiweni nachekesha, nikiandika hakuna kitu

Konda_Ngaramtoni

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 24, nipo Arusha, napiga ukonda kwenye Hiace za Ngaramtoni. Nataka kuanza stendapu, kuchekesha jukwaani peke yangu, na nimeamua kweli. Tukisubiri zamu stendi, nikisimulia jambo watu wanashika mbavu. Mwezi uliopita nikanunua daftari nianze kuandika. Nikirudia kusoma, hakuna kitu. Mfano huu hapa, nimeunakili kama ulivyo:

"Siku moja asubuhi nilikuwa kazini kwenye gari, akapanda bibi mmoja amebeba jogoo kwenye kikapu. Nikamwambia bibi, huyu jogoo naye atalipa nauli kwa sababu anachukua nafasi. Bibi akanijibu kwamba huyo jogoo anashukia kwenye sufuria, yaani alimaanisha anakwenda kuchinjwa. Abiria wote wakacheka sana."

Hili lilitokea na gari zima lililipuka. Aliyewahi kuandika vichekesho anioneshe nakosea wapi. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Unga Limited

Kijana, anza kwa kutazama. Cheka Tu, maonyesho ya stendapu ya Coy Mzungu kule Dar, ipo mtandaoni, angalia mtu anavyosimama peke yake na maiki. Sisi tumekulia kwenye maigizo: Joti na wenzake wa Ze Comedy, na marehemu King Majuto aliyetutoka 2018. Mule kuna mavazi, kuna mwenzako wa kukushangaa. Kwenye stendapu wa kukushangaa ni yule aliyekaa kwenye kiti. Halafu tia lafudhi ya Kichaga, watu wa Arusha wataanguka.

MamaSherehe_Moshi

Mzee wangu shikamoo. Nakuheshimu, ila kwenye lafudhi nakukatalia. Mimi ni Mpare, Wachaga ni watani zangu. Naweza kuwasema na pesa zao msibani kwao wakacheka na soda wakanipa. Akisema hayohayo mtu asiye na utani nao, yanageuka matusi. Na ukumbi wa Arusha una Mwarusha, Mmeru, Mmbulu, Mchaga, wote meza moja. Lafudhi watacheka mara ya kwanza, baada ya hapo wanasubiri useme kitu.

Sasa wewe konda, mdogo wangu. Nashereheshea sendofu na harusi hapa Moshi tangu 2011, na daftari lako nalielewa. Wenzako pale stendi wanakujua, wanamjua dereva wako, wanajua bibi wa aina hiyo anavyopandisha kikapu. Nusu ya kichekesho wanayo tayari kichwani. Karatasi haina hiyo nusu, na mgeni aliyekaa ukumbini hana. Wewe ukadhani unamsaidia kwa kumweleza, ndiyo maana ukaandika "yaani alimaanisha". Hapo umekiua. Neno linalochekesha ni *sufuria*. Likishatoka, nyamaza. Usiwaambie kwamba abiria walicheka, waache wacheke wao.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi ya hilo, nalo ndilo linaloniuma, kwa sababu Kiswahili chetu kimekupa zawadi na hukuifungua. Umemtaja jogoo mapema mno. Kwetu mtu na mnyama wote ni *a-*: amepanda, amekaa, anaangalia. Ungekuwa unaficha kikapu au kiti, *ki-* ingekusaliti neno la kwanza tu. Jogoo unaweza kutembea naye mpaka mwisho bila mtu kujua. Jaribu hivi:

"Leo asubuhi kuna abiria kagoma kulipa nauli. Kakaa pembeni ya bibi mmoja, kavaa kofia nyekundu. Namwomba nauli, kimya. Namwomba tena, ananitazama kwa jicho moja. Bibi akaniambia: mjukuu wangu, muache huyo, anashukia kwenye sufuria."

Ona, hakuna uongo niliouongeza. Jogoo anakutazama kwa jicho moja kweli. Nilichofanya ni kupanga nani ajue nini, na lini.

Kingine, usianze na daftari. Ukimaliza safari ya mwisho, washa simu, jirekodi ukimsimulia mtu, kisha andika ulivyotamka. Nina hakika mdomoni husemi "akanijibu kwamba". Ukishaandika, kata. Mimi dakika tano za jukwaani ni kama maneno mia tano, kwa sababu lazima uache nafasi ya kicheko, na ukisema juu ya kicheko chao wanajifunza kutocheka.

Na usichukue vya WhatsApp. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo kwenye sendofu moja. Nilipofika katikati ya kisa, meza ya wajomba wakakimalizia wao kwa sauti. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ananiangalia, siku yake hiyo, na mimi nimemletea kitu cha kuokota. Nililia nikiwa njiani kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo nasema nilichokiona kwa macho yangu tu, na wewe kwenye mlango wa gari unaona kuliko mimi.

Pa kuanzia usisubiri ukumbi wa Dar. Mfuate mshereheshaji yeyote wa huko Arusha, mwombe dakika tatu wakati wageni wanasubiri maharusi waingie. Wanachelewa kila mara, na yule mshereheshaji atakushukuru kwa moyo wote.

Konda_Ngaramtoni

Dada, ahsante sana. Nimesoma mara nne. Swali moja: wakinyamaza kabisa nifanye nini? Hilo ndilo linaninyima usingizi.

MamaSherehe_Moshi

Usiwalaumu, usiwaombe wacheke. Nenda kisa kinachofuata. Nyumbani sikiliza ulichorekodi, tafuta pale walipoanza kukupotea. Mara nyingi ni sentensi moja kabla ya pale unapodhani.

Mzee wa Unga Limited

Dada wa Moshi, marahaba. La utani umenifunza, nimelipokea. Konda, siku ukipata hizo dakika tatu sema hapa, tutakuja.

Konda_Ngaramtoni

Wakuu, mrejesho. Jana jioni nimejaribu ya jogoo kwa watu wasionijua, foleni ya abiria Kilombero. Nilirekodi. Wa kwanza wanne, watatu wakacheka, mama mmoja akashika mkono wa mwenzake. Kundi la pili nilipofika tu "kofia nyekundu" jamaa akasema kwa sauti "jogoo huyo", ikaishia hapo. Nimesikiliza mara nyingi, nadhani nilitulia sana kwenye kofia.

MamaSherehe_Moshi

Mdogo wangu nimefurahi mpaka nimemwita mume wangu aje asome. Umeweka kofia na jicho, mwerevu mmoja akijumlisha anapata jogoo. Ondoa kofia, jicho moja linatosha. Kesho jaribu hivyo kwa watu wengine, na urekodi.